Viazi vya Kushuka, Mawese ya Kupanda

Nakumbuka asubuhi moja pale Mangina, mwanangu, nimesimama kando ya lori, mikono nimeikunja kifuani kama mwenye mji. Wenzangu sita walikuwa wanahangaika na bidoni zao, yale madumu ya mawese, wanapandisha, wanagombea kamba, jasho linawatiririka. Mimi sikuwa na bidoni hata moja. Viazi vyangu vilikuwa vimekwisha kuuzwa, pesa imelala kwenye fundo la kitenge, nami najiona mwerevu kuliko wanawake wote wa Butembo. Kumbe nilikuwa nimesimama pale nikitazama mbuzi wa ndugu yangu akiliwa, na mlaji ni mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ukimpa kijana habari kuanzia katikati, hujibu kabla hajaelewa. Umekuja kuniambia unataka kufungua duka huko Bulengera, uuze sabuni na unga wa muhogo, na umeniuliza: ikiwa kimoja hakilipi, nikiache kipi? Swali hilo hilo nililijibu mwenyewe nilipokuwa na miaka ishirini. Nililijibu haraka, na nililijibu vibaya. Kaa hapa, jaza kikombe chako, unisikilize.

Ilikuwa miaka ya vita huku Kongo. Waliotutawala walibadilika, na kila waliokuja waliweka vizuizi vyao barabarani, hata tukasema kati ya Butembo na Beni kuna vizuizi vingi kuliko makanisa, na huku kwetu makanisa si haba. Lakini usidhani tulikaa tunalia. Mnande, mtu wa kabila letu, akifungiwa njia moja huuliza nyingine iko wapi. Viazi kutoka milima ya Lubero vilikuwa vingi Butembo, na watu wa Beni na Mangina walivitaka. Mawese yalikuwa mengi Mangina na Mabalako, na watu wa Butembo hawali maharage bila mawese. Basi sisi wanawake saba tulikodi lori. Tulishuka na viazi, tukapanda na mawese.

Mkubwa wetu aliitwa Mama Kyakimwa. Alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, na hakuna askari aliyemtisha. Kizuizini kijana akimwambia, "Mama, tika mwa eloko," yaani aache chochote kidogo, yeye humuuliza kwanza mama yake ni nani na kama anajua mwanawe anaombaomba barabarani. Kisha analipa, maana bunduki ni bunduki. Lakini alilipa akiwa amekwisha kumfundisha adabu.

Yeye ndiye aliyekodi gari na kulipa vizuizi vyote njiani, na sisi tulimrudishia kila mmoja fungu lake tukishafika Butembo na kuuza mawese. Fungu lilikuwa dola arobaini kwa safari, kwenda na kurudi. Ukijaza nafasi yako, arobaini. Ukiiacha tupu, arobaini vilevile. Shika hilo, ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Sasa mtaji wangu ulitoka wapi? Dada yangu Masika alikuwa ameolewa, na mbuzi wa mahari yake walikuwa zizini kwetu. Kwa desturi yetu mbuzi wale hawakuwa wa kuchezewa, kwa sababu mbuzi wa binti ndio wanaomwolea ndugu yake. Walikuwa wanamsubiri kaka yangu Kakule, aliyekuwa amekubaliana na msichana mmoja anayeitwa Kavira. Siku ya kupeleka mbuzi kwa kina Kavira ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Nilimlilia baba kwa wiki mbili mpaka akachoka. Akanitolea mbuzi watatu, niuze nipate pa kuanzia.

"Hawa mbuzi ni ya Kakule," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu. "Miye ninakuazimisha tu. Kama biko na miguu ya kwenda, bikuwe na miguu ya kurudi. Batu ya Kavira bakihesabu bikose bitatu, ndoa imekufa, na kosa ni ya kwako."

Mbuzi watatu walinipa dola sabini na tano. Nilikuwa nimeshika mikononi ndoa ya kaka yangu, na nililijua hilo.

Nikupe namba, mwanangu, na nimezilainisha ili zikukae kichwani, maana bei za vita zilicheza kila wiki. Gunia la viazi nililinunua dola saba, nikaliuza kumi na moja: linaniachia nne. Bidoni ya mawese nilinunua dola tano, nikauza nane: inaniachia tatu. Nafasi yangu ilibeba magunia manane kwa kushuka na bidoni nane kwa kupanda. Mbona bidoni nane tu, na bidoni si kubwa kama gunia? Kwa sababu ya mlima wa Kabasha. Ukitoka Beni kurudi Butembo lazima uupande, na lori lile lilikuwa zee, likibebeshwa sana linakataa katikati ya mlima, nanyi mnashuka kusukuma matope.

Mama yangu alikuwa amenifundisha nisichanganye pesa za vitu viwili. Kwa hiyo nilikuwa na mafundo mawili kwenye kitenge: la kulia la viazi, la kushoto la mawese. Mafunzo mazuri, hata leo nayasifu. Lakini tazama nilivyoyatumia. Viazi nilikuwa navimaliza kule chini, fundo la kulia linavimba, hakuna anayenidai kitu. Mawese nilikuwa nayauza Butembo, na kabla sijahema Mama Kyakimwa ameshanyosha mkono: arobaini zake. Natoa wapi? Kwenye fundo la kushoto, kwa kuwa ndilo lililo mkononi. Bidoni nane ziliniachia ishirini na nne, gari lilitaka arobaini, basi fundo la kushoto likawa linakopa kwa la kulia kila safari.

Safari mbili za kwanza nilirudi na faida kidogo, nyumba ikaila, sikuiona. Nilichokiona ni fundo lile la kushoto, limekonda, linaombaomba. Nikakaa nikafikiri. Nikasema, mawese ni mwizi. Viazi vinanipa thelathini na mbili kila safari na mawese yanakula kumi na sita. Nikiyaacha mawese, thelathini na mbili zote ni zangu! Nikajipongeza na methali juu: mshika mbili moja humponyoka. Wallahi, mwanangu, hakuna hatari kama mjinga aliyepata methali ya kumuunga mkono.

Ndiyo ile asubuhi niliyokuambia. Nikapanda lori mikono mitupu, nikaketi juu ya bidoni za wengine, nikaimba njia nzima.

Nilipofika Butembo nikalipa arobaini, nikahesabu. Nilikuwa nimepungukiwa na dola nane. Nikasema ni bahati mbaya, viazi vya Beni wiki hii vilikuwa vingi. Safari ya pili, nane tena. Nikalaumu vizuizi. Nilimlaumu kila mtu aliye hai kati ya Butembo na Mangina ila Kahambu, yaani mimi. Kiburi kina macho, lakini hayatazami ndani.

Safari ya tatu, wakati wa kupanda, lori lilipofika juu ya Kabasha likasimama kupoza injini kama kawaida yake. Tulikuwa na desturi yetu pale. Tunashuka, tunanyosha miguu, tunachoma ndizi, na dereva anamwagia injini maji. Mama Kyakimwa aliketi kwenye jiwe, akaniita mbele ya wenzangu.

"Kahambu, juu ya nini siku hizi haubebi mafuta ya mawese?"

"Mama, mafuta inanikula," nikajibu kwa majivuno. "Biazi njo inanilisha. Bazee balisema mushika mbili moya inamuponyoka."

"Na bazee balebale balisema kidole kimoya hakivunje chawa. Usichague mezali yenye inakupendeza." Akanyosha kidole kwenye lori. "Angalia nafasi yako nyuma ya kabini. Unaona nini?"

Nikaangalia. "Bidoni ine."

"Ya nani?"

"Sijue, Mama."

"Ni yangu. Safari tatu sasa. Ulilipa nafasi ukaiacha pale, miye niliokota. Bidoni ine, kila moya inaniachia tatu, na gari hapana kuniuliza kitu juu weye ulishalipa."

Wanawake walicheka, na mmoja alicheka mpaka ndizi ikamwanguka. Mimi damu ilinipanda. Nilitaka kulia na nilitaka kumtukana, na kwa kuwa mkubwa hatukanwi, nikamuuliza tu.

"Mama, munapakia mizigo kwa nafasi yenye miye nalipa?"

"Njo vile. Sasa kasirika kwanza, ukimaliza unijibu. Gari ya kushuka, nani anailipaka?"

"Miye."

"Na wakati ulikuwa unabeba mafuta, franga ya kulipa gari ilikuwa ya nini?"

Nililiona jibu linakuja na sikulipenda. "Ya mafuta," nikasema.

"Donc, basi, mafuta inalipa safari yake, inalipa na safari ya biazi. Biazi inapanda gari bure sawa mutoto wa chef wa kijiji, kisha weye unasema mafuta njo mwizi! Umemufukuza mwenye alikuwa anakulipia, na muzigo wa gari umeangukia nani?"

Umeangukia viazi, na viazi peke yake havikuweza. Manane mara nne ni thelathini na mbili. Gari lilitaka arobaini. Hata ningeuza mpaka kiazi cha mwisho, hata kama soko lingeniimbia, nisingefika. Na nafasi ilikuwa ya magunia manane tu, hakuna pa kuweka la tisa wala la kumi. Nilikuwa nimeanzisha biashara isiyoweza kufika juu ya mlima hata kwa kuombewa.

Nikahesabu kilichobaki kwenye kitenge na nitakachomlipa jioni ile. Ningebaki na hamsini na moja. Kati ya mbuzi watatu wa Kakule, mmoja nilikuwa nimemlisha lori. Nikaketi chini kwenye nyasi, na hapo majivuno yakanitoka yote. Nikasema, "Mama, ndoa ya kaka yangu iko mikononi mwangu."

Hakunibembeleza. Aliingiza mkono kwenye kapu lake la chakula, akatoa viazi vidogo, akaokota na ngazi zilizokuwa zimedondoka kwenye lori, yale matunda ya mchikichi yanayokamuliwa mawese. Akapanga kiazi kimoja, na pembeni yake ngazi moja.

"Gari haina kushuka na kupanda. Gari iko moya. Inataka makumi ine, hapana kuuliza imetoka kwa nani. Kiazi hiki kinakuachia ngapi?"

"Ine."

"Na ngazi?"

"Tatu."

"Pamoya?"

"Saba."

"Basi banaenda babili babili sawa batu ya ndoa. Saba ngapi inafika makumi ine?"

Nikapanga jozi moja moja kwenye vumbi, nikihesabu kwa sauti. Jozi tano, thelathini na tano. Jozi sita, arobaini na mbili.

"Sita, Mama."

"Njo pale Kabasha yako. Mbele ya kufika pale unasukuma gari. Nyuma ya kupita pale gari inakusukuma weye. Jozi ya saba na ya munane, ile njo ya kwenu, ile njo mbuzi ya Kakule."

Toka siku ile sisi wanawake wa lori tukawa na neno letu. Mtu akirudi sokoni hatukumuuliza amepata faida gani. Tulimuuliza kama amepita Kabasha.

Nilidhani somo limekwisha, nikaanza kuinuka. Akanivuta kitenge, akaongeza jozi ya saba na ya nane. Akaondoa ngazi nne, viazi akaviacha vinane. "Siku mafuta imepunguka, jozi imevunjika. Bado utasema sita?" Nikahesabu upya: viazi vinane thelathini na mbili, ngazi nne kumi na mbili, arobaini na nne. Nimepita, lakini kidogo. Akarudisha ngazi zote nane, akaondoa viazi vinne: kumi na sita na ishirini na nne, arobaini kamili. Juu ya mlima penyewe, hakuna hata senti ya kununua ndizi. "Unaona? Mlima unahama. Kila safari bitu bikibadilika, unauliza tena mlima iko wapi." Kisha dereva akapiga honi, Mama Kyakimwa akaokota viazi vyake vyote akavirudisha kapuni, maana hakuwa mtu wa kupoteza chakula kwa ajili ya shule.

Zile bidoni zake nne alizishusha Butembo na pesa zake akaziweka. Nakuambia kweli, moyoni nilimshukuru kwa akili na nikamchukia kwa bidoni.

Safari iliyofuata nilikuwa na uwezo wa magunia saba tu. Nikajaza bidoni nane. Saba mara nne, ishirini na nane. Na ishirini na nne. Hamsini na mbili. Nimepita Kabasha kwa kumi na mbili. Iliyofuata nikarudi kwenye manane kwa manane, nikapita kwa kumi na sita. Nilianza tena kuimba barabarani, safari hii nikiwa na haki. Ilibaki safari moja kabla ya siku ya mbuzi, na pesa ya mbuzi watatu ilikuwa imerudi, na dola nne juu yake. Ningeweza kukaa nyumbani. Lakini lori lilikuwa limekwisha kukodiwa, na asiyejaza nafasi alilipa vilevile, umesikia mwenyewe.

Safari hiyo tulifika Beni tukakuta habari mbaya. Risasi zilikuwa zimelia kuelekea Mangina siku chache kabla, wakamuaji wengi wa mawese wamekimbilia porini. Viazi tuliviuza palepale Beni, magunia yote, haraka, kwa bei ileile, kwa kuwa watu waliokimbia walikuwa wengi na viazi hupikwa haraka. Ubishi ukaanza. Turudi Butembo na lori tupu, au tuendelee kutafuta mawese ambayo huenda hayapo? Wawili walikuwa wanasema turudi. Mmoja alilia, kwa sababu mume wake alikuwa amemkataza kuja.

Mama Kyakimwa alimwuliza dereva, dereva akasema barabara imetulia tangu jana, magari mawili yamepita. Kisha akanigeukia mimi, mdogo wa wote.

"Kahambu. Biazi imelipa thelathini na mbili. Bidoni ngapi inatosha?"

Sikuhitaji vumbi wala ngazi. Zimebaki nane, kila bidoni tatu. "Tatu kwa kila mutu, Mama. Na tatu tunapita."

"Mais, lakini tatu tu?" mmoja akashangaa. Walikuwa wanafikiria nane, na nane kwa watu saba ni hamsini na sita, nani angezipata katika mji uliokimbia? Lakini tatu kwa watu saba ni ishirini na moja. Ishirini na moja ni kitu cha kutafutwa. Uso wa yule aliyekuwa analia ulibadilika nikiuona. Hofu ikipewa kipimo, mwanangu, inakuwa kazi.

Tukaenda. Mangina tulikuta soko lina watu wachache, lakini mzee mmoja mkamuaji alikuwa amefukia bidoni zake chini ya majani ya migomba, na mwanamke mwingine alikuwa na nyingine jikoni. Zote pamoja zilikuwa ishirini na mbili. Siku nyingine yoyote wenye pesa nyingi kati yetu wangezinyakua zote na kuwaacha wengine wakipiga miayo. Siku ile hakuna aliyenyakua, kwa sababu kila mmoja alijua tatu zake zinampitisha, na alijua pia kwamba mwenzake akikosa tatu, anaanguka. Tukagawana tatu tatu. Ile moja iliyobaki tulimwachia dereva ainunue kwa ajili ya nyumba yake.

Juu ya Kabasha tulishuka wote saba, kila mmoja na dola moja ya faida inayomsubiri Butembo. Dola moja! Tulicheka mpaka machozi. Tulinunua ndizi za kuchoma kwa mama mmoja pale barabarani, tukazila kama tumekula ng'ombe mzima. Sijapata tena faida tamu kama ile, na nimepata kubwa kuliko ile mara nyingi.

Siku ya mbuzi ikafika. Nilinunua mbuzi watatu sokoni, wanene, nikawapeleka zizini mwenyewe, baba akawakagua meno na kwato kama askari anayekagua hati. Kisha akanishika bega. Kakule alipeleka mbuzi wote kwa kina Kavira, wakahesabu mara mbili, wakaridhika. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini jioni, watu wakila, mimi nilikuwa nimekaa pembeni na dola tano kwenye kitenge. Dola tano hazinunui hata gunia moja. Wiki inayofuata lori linaondoka, na mimi sina cha kupakia. Nilikuwa nimeokoa ndoa ya kaka yangu, na biashara yangu ilikuwa imekwisha.

Hapo Mama Kyakimwa akaingia uani, amevaa kitenge chake cha kwaya, mkononi anavuta kamba, na kwenye kamba kuna mbuzi jike mwenye mimba. Baba alisimama kumshukuru kwa zawadi ya arusi.

"Tata, hii hapana zawadi," alimwambia baba. "Ni ya Kahambu. Bidoni ine mara safari tatu, kwa nafasi ya kwake. Niliweka franga yake pembeni tangu siku ya kwanza, njo nilinunua hii mbuzi."

Nilikuwa nimemchukia miezi mitatu. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Wasingya, asante, Mama. Juu ya nini hamukuniambiaka siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ulikuwa unaimba. Mwenye anaimba hapana sikia." Kisha akanyosha kamba, lakini hakuiachia. "Ukimuuza na mimba yake, utapata thelathini na sita. Na tano yako?"

"Makumi ine na moya. Gunia tano."

"Na mafuta munane kwa kurudi. Sasa nijibu mbele ya tata yako. Ukiwa na gunia ine, uko wapi?"

"Niko juu ya Kabasha, Mama. Sina kitu, sidaiwi kitu."

"Na ya tano?"

"Ya tano ni yangu."

Akaachia kamba.

Sasa rudi kwenye swali lako, mwanangu. Usiniulize uache sabuni au unga. Kwanza kusanya yale ambayo duka linakula hata siku usipouza kitu: kodi ya chumba, ushuru, mlinzi. Hilo ndilo gari lako, na gari ni moja. Usimbebeshe mmoja wa watoto wako wawili kwa sababu tu ndiye aliye karibu na mkono siku ya kulipa. Kisha uliza kila kitu kinakuachia kiasi gani baada ya kurudisha pesa uliyokinunulia. Kikikuachia hata kidogo, kinakusaidia kusukuma, usikifukuze mpaka uwe na kingine cha kukaa kwenye nafasi yake. Kisichoacha kitu, au kinachokutoa pesa mfukoni, hicho kifukuze bila huruma. Halafu angalia wateja wako wanavichukuaje kwa pamoja, sabuni ngapi kwa unga kiasi gani, uhesabu ni wapi vinafika pamoja juu ya mlima. Na watu wakibadilika, hesabu upya, maana mlima unahama. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini hata daftari linadanganya likisomwa na mwenye kiburi.

Na ukiona binti mdogo ameacha nafasi tupu katika safari yake, usimcheke tu. Pakia kitu hapo, umtunzie.

Nenda, mwanangu. Nyamuhanga, Mungu wetu, akutangulie barabarani, akupe wateja wenye njaa na wenye sabuni iliyokwisha. Askari wa vizuizi wakuone kama mama yao. Kila mlima utakaoupanda, ufike juu mchana, na baada ya gunia la nne, Mungu asikunyime la tano.